Miguu ya Mbele ya Gari Inapogonga: Shika Kabla ya Kununua

Kama unaendesha, sikiliza tu. Macho yabaki mbele.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kelele za miguu ya mbele ya gari. Kwenye gereji zetu tunasema gari linagonga. Linagonga kwenye tuta, linagonga kwenye rasta, linalia ukikata kona, linavuma ukifika mwendo fulani. Swali letu ni hili: sauti hiyo inatoka wapi, na utajuaje kabla hujatoa hela mfukoni?

Nianze na jibu, ili hata anayeitwa mezani sasa hivi aondoke nalo. Jibu ni hili: usinunue spea kwa sababu umesikia sauti. Nunua spea kwa sababu umeishika sehemu iliyolegea, au umeiona imepasuka. Sauti inakuambia kuna tatizo. Mkono ndio unaokuonyesha tatizo liko wapi. Hili nitalirudia tena na tena, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu.

Sasa, kwa nini tulizungumze hapa kwetu, bonde la Kilombero? Kwa sababu barabara zetu zimebadilika, na magari yetu yanateseka kwa namna mpya. Leo tuna lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67. Na tunavuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, wakati zamani tulisubiri kivuko. Ni neema kubwa. Lakini lami imekuja na matuta na rasta kila penye watu. Na mzigo wetu haulali kwenye lami. Mpunga uko ndani shambani. Miwa iko ndani. Ndizi zinatoka ndani. Kwa hiyo gari lile lile, kwa siku moja, linakimbia kwenye lami, linaruka tuta, linatumbukia shimoni, kisha linaogelea kwenye tope la mfinyanzi. Miguu ya mbele ndiyo inayopokea yote hayo kwanza.

Tena angalia jambo moja. Sisi tunaendesha upande wa kushoto. Lori la miwa likija limejaa, nani anashuka kwenye ukingo wa lami? Gurudumu lako la kushoto. Nani anakutana kwanza na shimo la pembeni lililochimbwa na maji ya mvua? Gurudumu hilo hilo la mbele kushoto. Basi usishangae ukikuta mguu huo umechoka kabla ya mwenzake.

Kwa watu wa Mang'ula, kusikiliza chuma hakutakiwi kuwa jambo geni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, inapita hapa, na karakana kubwa iliwekwa hapa Mang'ula enzi za ujenzi ule. Katika reli nyingi duniani kulikuwa na mafundi waliopita wakigonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kwa sauti nyembamba inayodumu. Lenye ufa hutoa sauti butu inayokufa papo hapo. Fundi yule hakuishia kusikia. Akisikia sauti butu, aliinama akakagua. Kusikia, kisha kuinama na kukagua. Ndiyo kazi tunayoizungumzia leo.

Haya, tuingie chini ya gari.

Mguu wa mbele una nini? Una springi na shokapu, zinazobeba uzito na kutuliza mtikisiko. Una amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu kutoka kwenye chesisi, na kwenye maungio yake kuna bushi za mpira. Mwisho wa amu kuna boljointi. Hii ni kama nyonga ya binadamu: tufe lililokaa ndani ya kikombe, linazunguka kila upande. Kutoka kwenye usukani kunakuja tairodi, na mwisho wake ni tairodi endi, inayosukuma gurudumu likate kona. Kuna chuma cha stebilaiza kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, nacho kimeshikwa na linki mbili fupi. Na katikati ya gurudumu kuna beringi.

Magari mengi madogo tunayoyatumia hapa, kama IST, Noah na mengineyo ya namna hiyo, shokapu na springi yake ya mbele vimefungwa pamoja vikasimama wima kama kipande kimoja. Muundo huo unaitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, aliyeubuni miaka ya 1940. Ni muundo rahisi na wa bei nafuu, ndiyo maana umeenea dunia nzima. Hiace na pikapu nyingi zina muundo tofauti, zina amu mbili, ya juu na ya chini. Kumbuka tofauti hiyo. Tutairudia tutakapofika kwenye kupiga jeki.

Sasa, kabla ya kufungua nati hata moja, jiulize maswali manne. Nitayataja polepole.

Swali la kwanza: sauti inatokea lini? Ukipita kwenye tuta? Ukishika breki? Ukikata kona? Ukikimbia tu kwenye lami iliyonyooka?

Swali la pili: inaongezeka na nini? Mwendo ukizidi, sauti inazidi? Au inategemea ubovu wa njia tu?

Swali la tatu: ukikanyaga breki kidogo, inabadilika?

Swali la nne: ukigeuza usukani gari likiwa limesimama, inasikika?

Lini, inaongezeka na nini, breki inaibadilisha, usukani unaiamsha. Ukifika kwa fundi na majibu ya maswali haya manne, umempunguzia nusu ya kazi. Ukifika ukamwambia tu, "Fundi, gari linagonga," umemwachia abahatishe. Na fundi akibahatisha, mfuko unaotoboka ni wako.

Tena kuna mambo matatu ya kuangalia ambayo hayahitaji hela kabisa.

La kwanza, nati za gurudumu. Ndugu msikilizaji, kama juzi ulibadilisha tairi halafu leo unasikia mguu unagonga, simama hapo hapo. Chukua spana, kaza nati zote. Nati zilizolegea hugonga mfano wa kitu kilichochakaa, na gurudumu linaweza kuchomoka. Hili liwe la kwanza kila mara.

La pili, osha gari. Ndiyo, osha. Umetoka shambani, tope la mfinyanzi limeingia upande wa ndani wa rimu, limekauka huko. Ukirudi kwenye lami na kuongeza mwendo, usukani unatetemeka mikononi. Wengi wanakimbilia kununua tairodi endi. Kumbe ni donge la udongo limelemea upande mmoja wa gurudumu. Pitisha maji ndani ya rimu, kwangua, kisha ujaribu tena. Isitoshe, chini ya gari lililofunikwa na tope huwezi kuona raba iliyopasuka wala oili inayovuja.

La tatu, tazama vitu vya kawaida. Jeki imefungwa mahali pake? Tairi la akiba limekazwa? Bati la chini ya injini lina bolti zake zote? Kitu kilicholegea nyuma kinaweza kusikika mbele, maana bodi ya gari inasafirisha sauti. Unaweza ukaapa kwamba ni mguu wa kushoto, kumbe sauti imezaliwa kulia. Ndiyo sababu nasema, sauti peke yake haitoshi.

Baada ya hayo, twende kwenye sauti zenyewe, moja baada ya nyingine.

Sauti ya kwanza: ta-ta-ta, nyepesi, ya haraka haraka, ukiwa mwendo mdogo kwenye njia yenye vishimo vidogo vidogo. Hii mara nyingi ni linki za stebilaiza. Unaithibitishaje? Matuta yetu yanatusaidia. Pita kwenye tuta ukiwa umenyooka, magurudumu mawili ya mbele yapande pamoja. Kisha tafuta mahali salama, pasipo na magari, upite kimshazari, gurudumu moja litangulie na jingine lifuate. Magurudumu yakipanda pamoja, chuma cha stebilaiza hakipindwi, kwa hiyo linki hazina kazi kubwa. Likipanda moja peke yake, chuma kinapindwa na linki zinavutwa. Basi kama kunyooka kuna ukimya na kimshazari kuna ta-ta-ta, umeshapata wa kumshuku.

Lakini kushuku hakutoshi. Mkono uko wapi? Ingia, shika linki, itikise kwa nguvu. Ikicheza, ndiyo yenyewe. Na kama fundi bado ana wasiwasi, kwenye magari mengi anaweza kuzifungua linki zote mbili, mkaenda polepole hatua chache kwenye njia ile ile. Sauti ikipotea, mmejua. Nendeni polepole kweli, maana bila linki gari linalala zaidi kwenye kona. Jaribio hilo halina gharama, na linakuokoa usinunue shokapu mbili mpya kwa kosa la linki.

Sauti ya pili: gu! Moja tu, nzito, ukishika breki au ukianza kuondoka. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni bushi za amu ya chini. Mpira umechanika, amu inasogea nyuma ukishika breki, inarudi mbele ukiachia. Jaribu uwanjani: nenda mbele taratibu, shika breki, rudi nyuma taratibu, shika breki. Gu, kisha gu. Halafu chukua chuma kirefu, fundi akichokonoe kati ya amu na chesisi, asukume. Bushi nzima inajikaza na kurudi. Bushi iliyokufa inaachia nafasi unayoiona kwa macho.

Ila kuna gu nyingine isiyohusiana na miguu kabisa. Ukitoa gia ya kwenda mbele ukaingiza ya kurudi nyuma, gari likiwa limesimama, likagonga, angalia mauntingi za injini. Unaona jinsi maswali yetu yanavyosaidia? Sauti ni ile ile, lakini swali la "lini" linakupeleka mahali tofauti.

Sauti ya tatu: kelele ya vyuma vidogo kwenye njia mbovu, lakini ukigusa breki kidogo tu, inanyamaza. Hiyo si miguu. Ni pedi za breki zinazocheza kwenye makazi yake, au pini za kalipa zilizochakaa. Breki inapozibana, zinatulia. Jaribio jepesi kuliko yote, na wengi hawalijui.

Sauti ya nne: ka-ka-ka-ka, ukikata usukani mpaka mwisho na kukanyaga mafuta, kwa mfano unapogeuza gari sokoni. Hiyo ni sivi jointi ya nje, ile jointi inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Chuchumaa utazame raba inayoifunika. Ikiwa imepasuka, utaona grisi imerushwa upande wa ndani wa rimu. Na hapa nawaomba ndugu zangu tunaoingia kwenye mashamba ya mpunga: raba iliyopasuka ikigundulika mapema, unabadilisha raba na kuweka grisi mpya, basi. Ukiiacha ikaingia maji ya tope, mchanga unasaga chuma ndani, na utanunua jointi nzima.

Sauti ya tano: vuuuuu. Inaanza ukifika mwendo fulani, inakua kadiri unavyokimbia, njia iwe nzuri au mbaya. Hii ni sauti ya beringi. Lakini tairi lililolika vibaya nalo huvuma. Utatofautishaje? Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami laini ukaingia kwenye lami ya kokoto au kwenye vumbi. Wa beringi haujali sana aina ya njia. Unajali kona. Ukikata kulia, uzito wa gari unahamia magurudumu ya kushoto; mvumo ukizidi hapo, mtazame wa kushoto. Ukikata kushoto ukazidi, mtazame wa kulia. Kisha piga jeki, zungusha gurudumu kwa mkono huku mkono mwingine umeugusisha kwenye springi. Beringi iliyochakaa utaihisi ikikwaruza vidoleni.

Sauti ya sita: tong! Inasikika kwa juu, karibu na boneti, ukigeuza usukani gari likiwa limesimama. Springi inajipinda, inakwama, halafu inaruka. Hapo tazama mauntingi ya shokapu kule juu na beringi yake. Mtu mmoja ageuze usukani, mwingine aweke kiganja nje ya springi, asiingize vidole katikati. Springi inatakiwa izunguke kwa ulaini. Ikizunguka kwa kurukaruka, umepata. Na wakati uko hapo, tazama springi yenyewe kuanzia chini hadi juu. Pindo la mwisho la chini likivunjika, mara nyingi kipande hufichika kwenye kikalio chake, na gari linaendelea kwenda likigonga bila mtu kujua.

Na shokapu zenyewe? Ukiona zimelowa oili, zimekwisha. Ukilisukuma gari kwa chini upande mmoja, likaendelea kunesa, zimechoka. Lakini gari kutonesa si cheti cha uzima wa shokapu. Uchakavu mdogo haujitokezi hapo. Msikie pia dereva: gari likirukaruka kwenye rasta na kupoteza njia, hiyo ni dalili.

Nimeiacha ya saba kwa makusudi, maana hii ndiyo ya hatari. Naomba usikilize vizuri.

Sauti ya saba: kwiii, mlio wa kitu kikavu ukigeuza usukani, au kishindo kizito, dug, ukiingia kwenye geti la nyumba usukani ukiwa umekatwa. Hii yaweza kuwa boljointi. Boljointi ina kifuniko cha raba. Raba ikichanika, maji na mchanga vinaingia, grisi inatoka, chuma kinasagana na chuma. Nafasi inakua kidogo kidogo. Halafu siku moja, kwenye tuta au kwenye shimo, tufe linachomoka kwenye kikombe chake. Gurudumu linalala, gari linaanguka upande huo, na usukani hauna kazi tena.

Ikitokea ukiwa unaingiza gari uani, utaita fundi. Ikitokea ukiwa kasi kwenye lami yetu mpya, umebeba abiria, na mbele kuna lori linakuja? Hilo swali kila dereva ajijibu mwenyewe.

Lami imetuongezea mwendo. Zamani, njia ya vumbi ilitulazimisha twende polepole, na sehemu iliyochakaa ilitupigia kelele kila hatua. Sasa lami inalainisha kila kitu. Sauti inapotea katikati ya tuta na tuta, nasi tunasahau. Ubovu haujaondoka. Umenyamazishwa tu, huku mwendo umeongezeka. Ndiyo maana nasema kipindi hiki cha barabara nzuri kinataka ukaguzi zaidi, wala si pungufu.

Tunakaguaje? Hapa ndipo tunaporudi kwenye jeki.

Kwanza usalama. Egesha mahali sawa, pagumu. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma. Ukishapiga jeki, weka stendi au gogo gumu la mti chini ya chesisi. Kamwe, narudia, kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ardhi yetu ya mfinyanzi, mvua ikishanyesha, inameza jeki huku unaiangalia.

Kisha kamata gurudumu. Mkono mmoja juu kabisa ya tairi, mwingine chini kabisa. Vuta na kusukuma. Likicheza, ni boljointi au beringi. Ili kujua ni ipi, mwenzako akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Mchezo ukitoweka, elekea kwenye beringi. Ukibaki, elekea kwenye boljointi. Sasa hamisha mikono: mmoja kushoto mwa tairi, mwingine kulia. Tikisa. Likicheza huku tu, na si juu na chini, tazama tairodi endi, na ile jointi ya ndani iliyo kwenye raki ya usukani. Mwenzako aendelee kutikisa, wewe weka vidole juu ya jointi. Iliyochakaa utaihisi ikigonga chini ya kidole. Hakuna ubishi tena kati ya mteja na fundi.

Na ule muundo niliosema tuukumbuke? Kwenye IST na wenzake, ukiinua gari kwa chesisi na gurudumu likaning'inia, boljointi ya chini haina uzito, unaweza kuupima mchezo wake. Lakini kwenye Hiace na pikapu nyingi zenye amu mbili, springi inaisukuma amu ya chini, na gari likining'inia nguvu hiyo huificha nafasi iliyomo kwenye boljointi. Utatikisa mpaka uchoke na kusema iko salama, kumbe imekwisha. Hapo weka jeki chini ya amu yenyewe, karibu na gurudumu, ndipo utikise. Vijana wa gereji, hili lishikeni sana. Boljointi nyingi mbovu zimepita mikononi mwa watu kwa sababu jeki iliwekwa mahali pasipofaa.

Sasa tumeshapata kilichochakaa. Tunabadilisha. Je, kazi imekwisha? Bado. Kuna mambo manne ya kuzingatia.

Moja. Bushi za amu zisikazwe gari likiwa limening'inia. Zipachikwe, bolti zifungwe kwa mkono, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe kabisa. Ukizikaza miguu ikining'inia, mpira unajipinda mara gari linaposhuka, unabaki umepindika kila siku, na unachanika mapema. Halafu mteja anasema, "Spea feki." Pengine spea ilikuwa nzima, mkazo ndio uliokosewa.

Mbili. Pini ya kufungia nati ya boljointi na ya tairodi endi irudishwe, tena iwe mpya. Msumari uliokunjwa si pini.

Tatu. Ukigusa tairodi, nenda ukapime mwelekeo wa magurudumu. Vinginevyo tairi jipya litalika upande mmoja, na faida ya msimu mzima wa mchele itaishia kwenye mpira.

Nne. Usinyamazishe bushi kwa oili chafu. Najua ni mazoea. Gari linalia kwii, mtu anamimina oili iliyotolewa kwenye injini, linanyamaza, anashukuru Mungu. Oili hiyo inaulainisha mpira na kuuozesha. Ukitaka kujua kama ni bushi inayolia, mwagia maji tu. Mlio ukikoma kwa muda, umejua ni mpira. Maji yanakauka bila kuharibu kitu.

Chukua mfano wa mama mwenye Noah anayesafirisha mchele kutoka Mang'ula. Gari linagonga. Anaambiwa shokapu, ananunua jozi. Linagonga. Anaambiwa amu, ananunua. Linagonga. Mwisho inakutwa linki moja imelegea, spea ndogo kuliko zote alizonunua. Fedha ile ingelipa ada ya mtoto. Je, tatizo lilikuwa gari? Hapana. Tatizo lilikuwa kununua kabla ya kushika.

Na ninyi mafundi wetu, nawaheshimu sana, maana ninyi ndio mnaoweka bonde hili barabarani. Nawaomba jambo moja: mwiteni mwenye gari aje ashike mwenyewe. "Mama, weka mkono hapa. Unasikia inavyocheza?" Sentensi hiyo inajenga imani kuliko maelezo ya nusu saa. Na kabla ya kufungua, pandeni naye gari, mzunguke pamoja, mpite tuta lile lile linalomsumbua. Msikilize wote wawili.

Wapenzi wasikilizaji, muda wetu unakaribia kwisha. Tujikumbushe.

Kaza nati za gurudumu kwanza. Osha tope kabla ya kulaumu spea. Jiulize maswali manne: inatokea lini, inaongezeka na nini, breki inaibadilisha, usukani unaiamsha. Ta-ta-ta nyepesi, anzia kwenye linki. Gu nzito kwenye breki, anzia kwenye bushi za amu. Ikinyamaza ukigusa breki, tazama pedi. Ka-ka-ka kwenye kona, sivi jointi. Vuuu inayokua na mwendo, beringi. Tong juu ya springi, mauntingi. Na ukisikia mlio mkavu au kishindo kizito usukani ukigeuka, usisubiri mshahara wala msimu wa mavuno. Linki ikichakaa, itakupigia kelele tu. Boljointi ikichakaa, inaweza kukuua, wewe na uliowabeba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kesho asubuhi kabla hujawasha gari kwenda Ifakara au Kidatu, tenga muda kidogo. Piga jeki mahali salama, shika gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, safari isubiri. Kama huwezi kufanya mwenyewe, mpelekee fundi unayemwamini, na umwombe akuonyeshe kwa mkono wako kabla ya kukuandikia orodha ya spea.

Endesheni salama.